Mgeni Mlangoni mwa Kanisa

Sisi tunaoishi mijini hupanda milimani kwa mambo mawili makubwa: harusi na msiba. Basi huiacha njia kuu pale Mombo, likaanza kuzikata kona za mlima, likapita Soni na Lushoto mjini, likaendelea Magamba hadi Malindi. Nasema Malindi yetu ya Usambara, si ile ya pwani ya Kenya. Unashuka na baridi inakupiga, unaamkiwa, unapewa chai, kisha unaambiwa: ibada ni saa nne, kanisani. Hapo baadhi yetu huanza kutazama chini. Huyu ni Mwislamu. Yule ni Mkatoliki, na kanisa lenyewe ni la Kilutheri. Wa tatu hajapata kuingia katika nyumba yoyote ya ibada tangu alipoanza kujitegemea. Wote wanajiuliza swali moja: nitaingiaje, na nikishaingia nitafanya nini?

Swali hilo si dogo. Usambara ni nchi ya jamaa waliochanganyika. Katika ukoo mmoja utamkuta Shabani na Yohana, Mwanahamisi na Elizabeti, na wote wamenyonya kwa bibi mmoja. Mtu akikwepa ibada ya mazishi ya shangazi yake kwa woga tu wa kutojua taratibu, ukoo hautasema alikuwa mwoga. Utasema alimtupa shangazi. Ndiyo maana nataka tulizungumze jambo hili, na nataka tupitie kwenye historia, kwa sababu naamini historia ya milima ile inamwondolea mgeni nusu ya hofu yake.

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka Mombasa akaenda kwa miguu hadi Vuga, makao ya mfalme wa Wakilindi, Kimweri ye Nyumbai. Alirudi tena mwaka 1852. Hakufika mahali pasipojua habari za dini ya kitabu. Waislamu wa pwani walikwisha kutangulia, na ndani ya nyumba ya mfalme mwenyewe walikuwamo watoto waliofuata Uislamu na kujifunza kusoma. Krapf hakujenga kanisa Vuga. Alikaa kama mgeni, akasikilizwa kama mgeni, akaagwa.

Kanisa lilipokuja kukaa, lilikuja kwa njia hiyo hiyo ya ugeni. Waanglikana wa UMCA walianza Magila, upande wa Muheza, katika miaka ya 1860. Kisha mwaka 1891 vijana wawili wa Kijerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walipanda hadi Mlalo, si mbali na Malindi. Walitumwa na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilihamia Bethel, karibu na Bielefeld, na kwa jina hilo la Bethel ndiko wazee wengi wanakokukumbuka. Wao wenyewe waliuita mlima wa Mlalo Hohenfriedeberg. Jina hilo limekufa, Mlalo imebaki Mlalo.

Hebu tufikiri juu ya ibada za kwanza pale Mlalo. Ndani hakukuwa na Msambaa hata mmoja aliyekuwa Mkristo. Hakukuwa na mzee wa kanisa, wala mwanakwaya, wala mama wa kumwonyesha mwenzake ukurasa wa wimbo. Waliokuja walikuja kutazama: wengine kwa udadisi, wengine kwa kutafuta shule, wengine kwa hesabu za siasa, maana Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishika pwani. Wahubiri walikuwa wageni wa nchi, na wasikilizaji walikuwa wageni wa ibada. Hapakuwa na mwenyeji. Basi yeyote anayeingia leo katika kanisa la milimani kwa mara ya kwanza, akaketi benchi la nyuma bila kujua lini asimame, anafanya yale yale waliyoyafanya mababu wa hao wanaomtazama. Kanisa lile lilianza na benchi la nyuma.

Sasa tuingie. Kengele hulia zaidi ya mara moja. Ya kwanza ni ya kuwaita walio mbali, ya mwisho ni ya kuanza. Mlangoni utawakuta wazee wa kanisa. Hawa si mabawabu. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na miaka iliyofuata, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 waliondolewa tena. Nyakati zote mbili walioshika ufunguo, wakapiga kengele, wakafundisha na kuzika, walikuwa walimu na wazee wa hapo hapo. Mzee anayekupa mkono mlangoni ni mrithi wa watu hao. Mwamkie kama unavyomwamkia mzee yeyote, mwambie umetoka wapi na umefuata nini. Atakuonyesha pa kukaa.

Viatu havivuliwi. Mwanamume huvua kofia. Mwanamke ajisitiri kwa heshima, na khanga haijapata kumkosesha mtu adabu. Makanisa mengine ya zamani yana desturi ya wanaume kukaa upande huu na wanawake upande ule. Angalia wenzako walivyokaa nawe ufuate. Kwa Walutheri kuna maungamo, masomo ya Biblia, Imani ya Mitume, mahubiri, sadaka, matangazo na baraka. Watu wakisimama, simama nao kwa heshima. Kusimama si kuungama imani. Pale wanapotamka maneno usiyoyaamini, nyamaza. Hakuna atakayekuja kukagua midomo yako.

Lugha itakuwa Kiswahili, ingawa nyimbo za Kishambaa hazikosekani, na hata Kiswahili hicho kina historia yake pale. Karl Roehl, mmisionari wa Bethel aliyeandika sarufi ya Kishambaa iliyotoka mwaka 1911, ndiye aliyekuja kutafsiri Biblia nzima ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937. Alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu, na wajuzi walibishana naye sana. Hata hivyo, msikilizaji Mwislamu akikaa kanisani leo atasikia dhambi, imani, sala, roho, malaika, na nabii. Hayo yote yalipita pwani kwanza. Atakuwa mgeni wa taratibu, lakini si mgeni wa maneno.

Huenda pia ukasikia tarumbeta. Bethel ya Ujerumani ilikuwa makao ya Johannes Kuhlo, aliyesifika sana kwa bendi za tarumbeta za kanisa, na mapenzi hayo yalivuka bahari yakapanda mlima. Bendi ikipiga msibani katika ukungu wa asubuhi, hata asiye na dini hutulia.

Sadaka huwatia wageni wasiwasi. Watu huenda mbele kwa mstari, benchi kwa benchi, na mgeni hujiona kama anatazamwa na dunia nzima. Ukipenda, toa. Usipopenda, kaa. Lakini Meza ya Bwana, yaani mkate na divai, ni jambo jingine. Hiyo ni ya waliobatizwa na kufundishwa; Wakatoliki nao wana masharti yao, na katika makanisa yao, kama kule Gare na Rangwi, utaona pia maji ya baraka mlangoni na watu wakipiga goti kabla ya kukaa. Usiende mezani kwa kuona aibu ya kubaki peke yako. Kubaki umekaa ni heshima, na wenyeji wanalijua hilo.

Baada ya matangazo wageni huombwa wasimame. Jina, unakotoka, umefuata nini: sentensi tatu zatosha. Mkishatoka nje, mara nyingi kuna mnada wa sadaka za mazao: kabichi, viazi, ndizi, mayai, pengine jogoo aliyefungwa miguu. Bei hapo haifuati soko. Usishangae jogoo akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, na mwisho akakabidhiwa wewe mgeni upande naye basi. Mnada ule ni nusu sadaka, nusu mchezo, na ndipo mahali pazuri pa kufahamiana.

Hayo ni ya mgeni. Sasa niwageukie wenyeji, maana wajibu haukai upande mmoja. Mwislamu akija kumzika shangazi yake, amekuja kuzika. Hakuja kubadili dini. Mhubiri anayeitumia nafasi ile kuwanyooshea kidole wageni, au kuuliza nani anataka kuokoka leo, anauchukua ugeni wa mtu na kuufanya mtego. Na Mwislamu akiona dini yake au dhamiri yake haimruhusu kuingia ndani, akasimama nje chini ya mti mpaka jeneza litoke, huyo naye amehudhuria. Asiulizwe maswali.

Nasema haya kwa sababu tumekwisha kuona yanakoweza kufika. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulimtoa mchungaji roho. Mwezi Mei mwaka huo huo bomu lilitupwa Olasiti, Arusha, siku ya kufunguliwa parokia mpya ya Wakatoliki, watu watatu wakafa. Tangu hapo katika makanisa kadhaa ya mijini mgeni hutazamwa kwanza mfuko wake, kisha uso wake. Siwalaumu walinzi, maana wana sababu. Lakini tukiuzoea mtazamo huo mpaka vijijini, tutakuwa tumepoteza kitu kilichochukua zaidi ya karne moja kujengwa.

Na kilijengwa na pande zote. Yupo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu wa pwani aliyeishi miaka mingi karibu na watawala wa Usambara. Ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho hakuna anayeisoma historia ya milima ile akakiruka. Je, nani walikichapa kwanza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20? Ni mapadri wa UMCA pale Magila, kwa mtambo wa misioni. Mwislamu alileta maandishi yake katika ua wa kanisa, nao wakayachapa. Hakubatizwa kwa ajili hiyo, wala wao hawakusilimu. Wajukuu wa Kimweri wakapata historia yao kwa maandishi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiitwa Malindi kwa harusi au kwa msiba, panda basi uende. Ukiweza kuingia, ingia na adabu yako. Usipoweza, simama nje na adabu hiyo hiyo. Nasi wenye nyumba tukumbuke kwamba wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apone. Walijua ni yupi kati ya hao wawili anayehitaji zaidi kutembelewa.