Matembezi ya Kiangazi Uvira: Njia za Kale na Ufuko Unaohama

Uvira ni mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, na kiangazi chake, yaani majira ya ukame yanayoanza Juni na kwisha mwanzoni mwa Septemba, hukutana na likizo kubwa ya shule za Kongo, ndiyo maana Julai na Agosti ni miezi ya kwenda ziwani kuoga, kupiga kasia kandokando ya ufuko na kupanda milima iliyo nyuma ya mji kabla mvua hazijarudi. Mtu aweza kudhani kwamba matembezi ya namna hii yaliletwa na Wabelgiji, lakini njia zinazofuatwa ni za kale kuliko ukoloni, nazo zilifunguliwa na kazi: kazi ya wapiga kasia, ya wavuvi, na ya wanawake wanaoteremsha mazao kutoka milimani.

Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke, waliofika Uvira Aprili 1858 kutoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, walikuta kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara wa wakati ule waliruhusiwa kukifikia, mahali palipouzwa pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na pia binadamu. Wapiga kasia wao waliambaa na nchi kavu na kutua mara kwa mara, jambo lililomkera Burton, ingawa lilikuwa busara ya watu waliolijua ziwa, kwa sababu dhoruba ikimkuta mtu katikati ya maji hana pa kukimbilia. Wageni hao walitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wana wa mtawala aliyeitwa Maruta waliwaambia kwamba unaingia, nao wapiga kasia wakakataa kusonga mbele. Novemba 1871 wasafiri wengine wawili, Livingstone na Stanley, waliufikia mto wenyewe na kuthibitisha jambo ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kulisema, na inafaa kukumbukwa kwamba safari iliyohesabiwa Ulaya kuwa ugunduzi ilikuwa kwa mvuvi wa Uvira mwendo mfupi wa mtumbwi.

Ufuko walioukanyaga wasafiri hao, hata hivyo, haukuwa huu wa leo. Wakati huo mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea mto Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na mimea, na ziwa liliendelea kujaa hadi kizuizi hicho kilipovunjika yapata mwaka 1878; katika miaka iliyofuata, kabla karne ya 19 haijaisha, uso wa maji ulishuka kwa takribani mita 10. Kwa hiyo sehemu ya uwanda mwembamba wa chini, ambako watoto wa Uvira hucheza mpira na familia hutandika mikeka, ilikuwa chini ya maji katika siku za babu wa babu zao. Ziwa lilipanda tena sana mwaka 1964, na tangu 2020 limerudia kufanya hivyo, likaingia katika nyumba za mitaa ya Kalundu na Kilomoni na kuifunika barabara ya kwenda Fizi, hata mahali pa kuogelea palipojulikana na kizazi kimoja pasionekane na kizazi kinachofuata.

Kiangazi nacho kina tabia yake majini. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma katika miezi hiyo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na wakati maji baridi ya vilindi yanapanda upande wa kusini wa ziwa, Uvira hubaki na maji ya vuguvugu. Upepo uo huo, hata hivyo, huinua mawimbi, na waliozoea ziwa hufanya safari zao za mtumbwi asubuhi.

Usiku, wanaokaa ufukoni huona taa za wavuvi wa ndagala, samaki wadogo wanaofuata mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa moto wa kuni uliowashwa katika mtumbwi, na samaki walichotwa kwa lusenga, yaani wavu wa mkono wenye umbo la mfuko. Katika miaka ya 1950 zilikuja taa za karabai, pamoja na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja ili kubeba wavu mkubwa zaidi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na wavuvi hupumzika.

Kusini ya Kalundu mchanga huachia nafasi miamba, na maji yaliyo mbali na tope la Ruzizi huwa maangavu kiasi kwamba mtu aliyeketi jiweni huona samaki wakila mwani. Katika mwambao huo, mahali panapoitwa Pemba, huishi samaki mweusi wa jenasi ya Tropheus mwenye ukanda wa rangi ya chungwa, ilhali ndugu zake wa miamba mingine, waliotengwa naye na ghuba za mchanga wasizozivuka, wana rangi nyingine kabisa. Utajiri wa viumbe kama hao ulichangia taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa na Ubelgiji mwaka 1947, kuweka Uvira kituo cha elimu ya viumbe wa majini, ambacho mrithi wake, CRH, bado yupo mjini.

Njia za milimani hufuata mabonde ya mito kama Mulongwe na Kalimabenge, na wenye kuzitumia zaidi bado ni wakulima wanaobeba muhogo na kuni kwenda sokoni. Wakati wa kiangazi mito hiyo hupungua na watu huivuka kwa miguu bila shida, lakini Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa sababu hiyo wenyeji huyapanda mabonde hayo Julai na Agosti, na mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya Mitumba mwezi Septemba huteremka mapema.