Siri ya Mgonjwa Mlangoni pa Mwajiri

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mambo ya afya, mtungi ni mwili wako na kata ni daktari. Tumemruhusu achote ndani kwa kuamini kuwa alichokiona hatakimwaga barazani. Historia ya ajira katika Afrika yetu inaonyesha jinsi imani hiyo ilivyovunjwa, na jinsi mahakama zilivyoanza kuirejesha.

Tuanzie kusini. Mwaka 1996 Jacques Hoffmann aliomba kazi ya uhudumu wa ndege katika Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Alifaulu usaili, na uchunguzi wa mwili ukaonyesha kuwa anafaa. Damu yake ilipokutwa na virusi vya Ukimwi, ripoti ile ile ikabadilishwa ikasomeka kuwa hafai. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamuru apewe kazi, kwa kuwa kumnyima ilikuwa ubaguzi.

Nchini Kenya, mwanamke mmoja aliyeajiriwa na kampuni ya upishi alipimwa virusi hivyo hospitalini bila ridhaa yake. Akadai kuwa daktari alimpasha mwajiri habari, naye akafukuzwa kazi. Aliwashtaki wote watatu: mwajiri, hospitali na daktari. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilikataa kuitupa kesi hiyo, na mwaka 2008 ikamalizika kwa mapatano na fidia ya zaidi ya shilingi milioni 2. Kati ya miaka hiyo miwili, Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006, inayokataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi au aendelee nayo.

Hata hivyo, sheria kuandikwa ni jambo moja na kutiiwa ni jingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda jijini Nairobi iliamua kesi ya kibarua wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Alipotarajia ajira ya kudumu alipelekwa kupimwa afya. Damu yake ikachunguzwa virusi bila ridhaa yake, na majibu yakamfikia mwajiri. Ajira ile hakuipata. Mahakama ilitambua kuwa amebaguliwa na faragha yake imevunjwa, ikaamuru alipwe karibu shilingi milioni 7. Zingatia pia kwamba katika kumbukumbu za hukumu anatajwa kwa herufi tatu tu. Mahakama ilimtunzia siri ambayo wengine walishindwa kuitunza.

Sasa turudi kwetu Juba. Kibarua wa Nyakuron anayetafuta kazi anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Wakenya na Waafrika Kusini. Sivyo. Ibara ya 22 ya Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 nayo inakataza ubaguzi katika ajira, ukiwemo ule unaotokana na kuwa na virusi vya Ukimwi.

Simaanishi kwamba mwajiri hana haki ya kuuliza lolote. Dereva sharti aone vizuri, na mbeba mizigo awe na mgongo imara. Lakini jibu linalomhusu mwajiri ni fupi: anaifaa kazi hii, au haifai. Jina la ugonjwa, dawa unazomeza na faili lako zima vibaki kwa daktari.

Najua kwamba mwenye njaa hana miiko. Anayeitafuta kazi kwa udi na uvumba atatia saini karatasi yoyote, na mwajiri ataiita saini hiyo ridhaa. Kwa hiyo, kabla ya kutolewa damu, uliza inapimwa nini na majibu atapewa nani. Ukipewa karatasi, isome. Kama hujui lugha yake, tafuta wa kukusomea. Baki na nakala. Katika kesi hizi, wanyonge walipata haki yao baada ya miaka mingi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ni heri kuulinda mtungi ukiwa bado umejaa.