Tarehe ya Malipo Kabla ya Hesabu ya Mizoga: Fidia ya Ukame kwa Wafugaji wa Marsabit

Wapo wanaodai kwamba setilaiti haiwezi kujua ng'ombe wa nani amekufa, na kwa hiyo serikali iachane na vigezo vya angani, itume maafisa wahesabu mizoga na kumlipa kila mfugaji kulingana na hasara yake. Dai hili linavutia kwa kuwa linasikika kama haki yenyewe. Ninalipinga, kwa sababu linachunguza usahihi wa kipimo na kusahau siku ambayo fedha zinamfikia mfugaji.

Bima ya mifugo ya kigezo ilianza Marsabit Januari 2010, chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka mno ukilinganishwa na historia ya eneo lenyewe, wote wenye bima hapo hulipwa. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake, KLIP, kwanza Wajir na Turkana, kisha katika kaunti nyingine za ukame, Marsabit ikiwamo. Kaya zilizochaguliwa zililipiwa ada yote kwa uniti tano za mifugo, yaani ng'ombe watano au mbuzi hamsini.

Kwamba njaa ya mfugaji huanzia sokoni, mbuzi anaposhuka bei na mahindi yakipanda, halina mabishano makubwa tangu mwanauchumi Amartya Sen alipochapisha kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu njaa. Mgogoro uko kwenye kigezo. Wakosoaji hurudia kwamba yupo anayepoteza mifugo asilipwe, na yupo anayelipwa bila kupoteza. Ni kweli. Lakini wanapima fidia kana kwamba kazi yake ni kurudisha kilichokwisha kufa.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni utafiti wa Sarah Janzen na Michael Carter kuhusu malipo ya Oktoba 2011, yaliyotolewa Marsabit ukame ukiwa bado unauma. Kaya zenye mifugo mingi zilizokuwa na bima zilipunguza sana mwelekeo wa kuuza wanyama ili zijikimu. Zile zenye mifugo michache zilipunguza mwelekeo wa kukata milo. Fedha ni zilezile, ila kila kaya ilizitumia kulinda kile ambacho ingelazimika kukitoa mhanga: tajiri mifugo yake, maskini chakula cha watoto wake. Majibu kuhusu miezi iliyofuata yalikuwa ya matarajio, na hilo linapunguza uzito wake kidogo. Hata hivyo, hakuna hesabu ya mizoga ambayo ingeleta tokeo hilo, kwani mizoga huhesabiwa maamuzi hayo yakiwa yamekwisha kufanyika.

Mkataba wa awali wenyewe ulikadiria vifo. Baadaye ulibadilishwa ulipe mapema, malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue nyasi, maji na dawa. Badiliko hilo lina maana kuliko maboresho yote ya usahihi. Ngamia hubeba mimba takriban miezi kumi na mitatu, kwa hiyo kundi lililokufa halirudi upesi kwa kuzaana; lazima mfugaji anunue. Anayelipwa baada ya kifo huingia sokoni mvua zikisharejea, wakati kila jirani anatafuta majike na bei zimepaa. Fidia kamili kwenye karatasi hununua sehemu tu ya kundi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba fedha haziliwi na ng'ombe: nyasi zisipofika North Horr, huko Marsabit, malipo ya mapema huishia kupandisha bei ya robota. Nalikubali, lakini linadai maghala ya nyasi na barabara, halidai mizoga ihesabiwe. Na kuhusu asiye na mifugo, ambaye bima haimgusi kabisa, upo HSNP, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ambao tangu 2015 umeongeza malipo ya dharura kwa kufuata hali hiyohiyo ya uoto.

Kwa hiyo sidai kwamba kigezo kimekamilika. Ninadai kwamba kila shilingi inayotengwa kuboresha usahihi wake ipimwe kwanza dhidi ya wiki ambazo ingeweza kupunguza kati ya kukauka kwa malisho na kuingia kwa fedha. Katika kaunti za ufugaji, ninaamini wiki hizo zitashinda karibu kila mara.