Si Kila Maumivu ya Uso Hutoka Katika Jino

Huku kwetu Fizi na Baraka mtu akishikwa na maumivu ya shavu, twasema mara moja: jino limeoza, ling'olewe. Mara nyingi ni kweli. Lakini yako maumivu ya uso yasiyotoka katika jino, na wengi wamepoteza meno mazima bila faida. Natutazame jinsi waganga walivyoutambua ugonjwa huu.

Mwaka 1677, mjini Paris, mke wa balozi wa Uingereza alipatwa na maumivu makali ya uso, upande mmoja. Yalimjia ghafula kama moto, yakaacha, yakarudi tena. Alikuwa amekwisha kung'olewa meno, asipate nafuu. Aliyeitwa kumtazama ni John Locke, mganga ambaye baadaye alisifika zaidi kwa vitabu vya falsafa. Yeye aliandika kwa uangalifu yote aliyoyaona na aliyoambiwa na mgonjwa, akampelekea mganga mwenzake Uingereza kuomba shauri.

Mwaka 1756 Nicolas André, mpasuaji Mfaransa, aliupa ugonjwa huo jina. Mwaka 1773 John Fothergill wa London alieleza dalili zake: maumivu hupiga kwa kitambo kifupi tu, tena kula, kusema au kuguswa kidogo huyaamsha. Hata hivyo wapasuaji wengine walikata mshipa usiohusika, ule unaoendesha nyama za uso. Mgonjwa akabaki na mdomo uliopinda, na maumivu yake yale yale! Katika miaka ya 1820 kazi ya Charles Bell na wenzake ilionyesha kwamba mshipa wa fahamu unaochukua maumivu ya uso ni mwingine, ndio wa tano kati ya ile itokayo katika ubongo.

Mwaka 1962 Sigfrid Blom wa Uswidi alitangaza kwamba kabamazepini, dawa ambayo hata leo hutumika kwa kifafa, yaweza kutuliza maumivu haya. Mwaka 1967 Peter Jannetta wa Marekani alieleza upasuaji wake: mara nyingi mshipa wa damu huugandamiza ule wa fahamu karibu na ubongo, naye aliutenga.

Basi, mwenye maumivu yanayorudi-rudi afanye nini? Kwanza aende kwenye kituo cha afya, na meno yake yapimwe. Shavu likivimba pamoja na homa, yamkini ni jino. Pua ikiziba na kutoa usaha, atafutwe mganga wa masikio, pua na koo. Lakini meno yakiwa mazima, na maumivu yakipiga kama umeme upande mmoja, asikubali kung'olewa jino jingine. Aombe barua ya kupelekwa hospitali kubwa, kwa mganga wa mishipa ya fahamu.

Twajua waganga hao ni wachache, tena safari ya Bukavu ni ndefu na ya gharama. Ndiyo maana yafaa mgonjwa aandike mapema: maumivu yalianza lini, yako upande gani, yakaa muda gani, yaamshwa na nini, na kama uso umekufa ganzi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe. Karatasi hiyo itamsaidia hata mganga wa hospitali ya karibu kuutambua ugonjwa na kuanza dawa. Lakini kabamazepini isinunuliwe ovyo sokoni, maana yaweza kudhuru ngozi, damu na ini. Hutumiwa kwa amri ya mganga tu.