Waya Usiolala

Msomaji, alfajiri moja hapa Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, niliamshwa nikasaidie kulisukuma gari la jirani. Ndani yake aliketi mama mjamzito aliyekuwa akingoja kufikishwa hospitali. Ufunguo ulizungushwa, ikasikika sauti ndogo, tak, kisha kimya. Tulilisukuma hadi mteremkoni, injini ikawaka, na mama akafika salama. Lakini swali lilibaki: ni nani aliyekunywa umeme wa betri usiku kucha, hali gari limezimwa?

Yatupasa kurudi nyuma kidogo. Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, kabla motokaa hazijaenea po pote. Motokaa za kwanza hazikuitegemea kwa kuamsha injini. Dereva alisimama mbele akapiga hendeli, na mara nyingine hendeli ilirudi nyuma ghafula ikamvunja mkono. Charles Kettering, Mmarekani aliyekwisha kutengeneza mota ya umeme ya mashine ya fedha ya dukani, ndiye aliyebuni stata iliyotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Mikono ikapona, lakini tangu hapo gari likawa mtumwa wa betri yake.

Dainamo ilipewa kazi ya kuijaza. Ajabu ni kwamba injini isimamapo, umeme wa betri ungerudi na kumiminika ndani ya dainamo mpaka kwisha! Mnyonyaji wa kwanza wa betri alikuwa yule yule mlishaji wake. Mafundi wakaweka swichi ya sumaku iliyokata njia yenyewe. Baadaye, katika Valiant ya Chrysler ya mwaka 1960, altaneta ilishika mahali pa dainamo, pamoja na daiodi zake zinazopitisha umeme upande mmoja tu.

Kisha zikaja starehe. Mwaka 1930 ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, wa Chicago, walianza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola. Hapa Kenya, matatu, ambazo Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni maalumu, zilikuja kuwa kumbi za ngoma zenye magurudumu. Mimi sichukii muziki. Ninalouliza ni hili tu, waya wake umefungwa wapi?

Maana katika gari mna njia mbili za umeme. Moja hutoka betri moja kwa moja, wala haijui ufunguo. Hiyo ni ya saa na kengele ya kuzuia wezi. Nyingine hupita katika swichi ya ufunguo, nayo hufa ufunguo utolewapo. Fundi mvivu hushika ile iliyo karibu. Sasa piga hesabu: kikuza sauti kinachokula ampea 2 kitachukua saa-ampea 24 katika saa 12 za usiku. Betri mpya ya saa-ampea 60 itavumilia. Iliyochakaa itashindwa kuizungusha stata.

Jirani yetu alimwita fundi mzee. Akaufungua waya wa hasi, akaweka balbu ndogo kati yake na kichwa cha betri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyewe, milango imefungwa, balbu ikawaka. Akachomoa fyuzi moja moja, balbu isijali. Ndipo alipouona waya mwekundu uliotoka kichwa cha chanya, bila fyuzi yo yote, ukaingia chini ya kiti penye kikuza sauti. Akauondoa. Balbu ikazimika.

Hakuutupa waya ule. Aliutia fyuzi na rilei, kisha akavuta waya mwembamba kutoka swichi ya ufunguo uwe wa kuiamsha rilei hiyo. Ufunguo ukitoka, rilei huachia na umeme hukatika. Mwenye gari, kwa uso wa huzuni, akauliza kama hatasikiliza tena muziki injini ikiwa imezimwa. Fundi akauingiza ufunguo, akauzungusha hatua moja tu, na redio ikaanza kuimba.