Muziki katika gari la paa wazi: Wati nyingi hazishindi upepo

Mmiliki wa gari dogo la michezo lenye paa la turubai hukutana na tatizo moja mapema. Gari likiwa limeegeshwa nyumbani na paa limefungwa, redio husikika vizuri. Akifungua paa na kufikisha kilomita 80 kwa saa, sauti ya mwimbaji hubaki, lakini ngoma na gitaa la besi hupotea. Huongeza sauti mpaka spika zinaanza kukwaruza. Hapo ndipo wengi huamua kununua kikuza sauti kikubwa, maarufu kama amplifaya, pamoja na sabufa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mfano mzuri wa magari ya aina hii ni Mazda MX-5, lililozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Chicago, Marekani, Februari 1989. Nchini Japan kizazi chake cha kwanza kiliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ni gari la watu wawili, injini iko mbele na huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na uzito wa kizazi hicho ulikuwa chini ya kilo 1,000. Aprili 2016 gari la milioni moja la aina hiyo lilikamilika katika kiwanda cha Hiroshima. Kwa kuwa magari ya Japan yana usukani kulia kama yanavyohitajika Tanzania, Kenya na Uganda, baadhi ya magari haya yaliyokwisha kutumika hufika pia Afrika Mashariki.

Gari lililotoka Japan huwa na tatizo la redio kabla hata ya kufikiria spika. Redio za zamani za nchi hiyo hunasa mawimbi ya FM kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni za Afrika Mashariki hurusha matangazo kati ya 87.5 na 108. Maana yake ni kwamba msikilizaji hupata zile chache tu zilizo chini ya 90. Mafundi wengi huweka kifaa kidogo kwenye waya wa eriali ili kushusha mawimbi yafikie uwezo wa redio. Kifaa hicho ni cha bei nafuu, lakini hakifungui masafa yote, na namba zinazoonekana kwenye redio hazilingani tena na zile zinazotangazwa na stesheni. Nyingine, hasa zenye ramani, hujifunga betri inapotolewa na kudai namba ya siri ambayo mnunuzi hana. Kwa hiyo kubadili redio yenyewe ndiyo hatua ya kwanza yenye faida ya uhakika.

Katika Roadster ya kizazi cha kwanza kazi hiyo si ngumu. Nafasi ya redio kwenye dashibodi ina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 100, kipimo ambacho watengenezaji wengi wa redio za magari hukifuata. Redio ya kimo cha milimita 50 nayo huingia, na nafasi inayobaki huzibwa kwa kisanduku cha kuwekea vitu vidogo. Muhimu ni kukumbuka kwamba jua la mchana huangukia moja kwa moja kwenye dashibodi paa linapofunguliwa. Skrini kubwa ya kugusa, ambayo huvutia sana dukani, huwa haisomeki kabisa saa saba mchana. Redio yenye vitufe na kirungu cha kuzungusha sauti humfaa zaidi dereva wa gari hili.

Upepo ndio adui mkuu. Kelele zake, zikichanganyika na za matairi na za bomba la moshi, zina nguvu zaidi katika sauti nzito za chini, yaani palepale panapokaa besi. Aidha, gari lililofungwa husaidia besi kwa sababu hewa iliyomo ndani haina pa kwenda. Spika inapoisukuma, msukumo wote hubaki ndani. Paa likifunguliwa msaada huo hutoweka. Ndiyo maana sabufa iliyopangwa vizuri paa likiwa limefungwa huonekana kama imezimwa mara turubai linapokunjwa.

Kuongeza wati hakutatui jambo hili kwa urahisi unaodhaniwa. Nguvu ya amplifaya ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiwango ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili msikilizaji ahisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inabidi iongezwe takriban mara kumi. Spika yenye usikivu wa desibeli 91 hutoa kwa wati 50 sauti ileile ambayo spika ya desibeli 88 huitoa kwa wati 100. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, wakati wati za juu kabisa huandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu. Mnunuzi mwenye busara huanza na zile ndogo.

Umbali nao una uzito wake. Mahali pa wazi, umbali kati ya spika na sikio ukipungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli zipatazo 6, sawa na kuongeza nguvu mara nne bila kununua chochote. Mazda wenyewe walilitambua hilo: baadhi ya magari ya kizazi cha kwanza yalitoka kiwandani yakiwa na spika ndogo ndani ya maegemeo ya kichwa, na wazo hilo lilirejea katika kizazi cha nne, ambacho uuzaji wake ulianza mwaka 2015, kwa magari yaliyofungwa mfumo wa Bose. Spika hizo hazitoi besi ya maana, lakini maneno ya wimbo, habari na maelekezo ya ramani husikika hata kwenye barabara kuu. Anayetaka kuboresha muziki kwa fedha kidogo aanze kuchunguza kama viti vyake vina spika hizo na kama bado zinafanya kazi.

Spika za milangoni zina kasoro ya kukaa chini, usawa wa magoti, na sauti zake nyembamba huishia kwenye mapaja. Zinazofaa zaidi ni zile zilizotenganishwa, ambapo spika kubwa hubaki mlangoni na ile ndogo ya sauti nyembamba hupandishwa karibu na kioo cha pembeni, ikielekezwa usoni. Kabla ya kununua, kina cha spika hupimwa kioo cha mlango kikiwa kimeshushwa hadi mwisho. Fundi anayepima kioo kikiwa juu atagundua kosa lake siku ya kwanza ya mvua au joto.

Mlango wenyewe ni sehemu ya mvua. Maji hupita kwenye mpira wa kioo, huteremka ndani na kutokea kwenye matundu madogo chini ya mlango. Nailoni inayokutwa nyuma ya bodi ya mlango iko pale kuzuia maji hayo yasiingie kwenye zulia, na mafundi wengi huichana na kuitupa. Wengine hubandika mpira wa kuzuia mtetemo, jambo ambalo kwa kweli huboresha besi kuliko sabufa ya bei rahisi, lakini huziba yale matundu. Kwa gari linaloishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, maji kusimama ndani ya bati lenye chumvi ya bahari ni mwanzo wa kutu ambayo mwenye gari ataiona imekwisha kula.

Suala zito kuliko yote ni umeme. Katika vizazi viwili vya kwanza vya MX-5, betri haiko mbele bali ndani ya buti. Hilo humfurahisha fundi, kwa kuwa amplifaya nayo hukaa humo na waya huwa mfupi. Lakini tangi la mafuta liko nyuma ya viti, kati ya sehemu ya abiria na buti hilohilo. Skurubu ndefu au drili inayotumika bila kujua kilicho upande wa pili inaweza kulifikia. Hakuna sababu ya kutoboa ukuta huo. Amplifaya hufungwa kwenye ubao, na ubao hukazwa kwenye sehemu ambazo tayari zina tundu la boliti.

Amplifaya ya milango minne ya sauti, kila mmoja wati 50, huhitaji karibu ampea 26 inapofanya kazi kwa nguvu zote ikiwa ni ya muundo wa zamani, na karibu ampea 18 ikiwa ya daraja D. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba unatosha kwa umbali huo mfupi. Sokoni kuna waya mnene unaong'aa kama shaba ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa tu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba, hivyo waya huo hupata moto mapema. Ukikwaruzwa kwa kisu, weupe wa ndani huonekana mara moja.

Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, kabla waya haujapita popote, na kazi yake ni kuulinda waya wala si amplifaya. Waya usio na fyuzi ukichunwa na bati na kugusa bodi, betri huachia mamia ya ampea, plastiki huyeyuka, na moto huanza hatua chache tu kutoka kwenye petroli. Fyuzi iliyopo ubavuni mwa amplifaya haisaidii lolote katika hali hiyo. Fundi akisema kwamba inatosha, atafutwe mwingine.

Betri yenyewe nayo ni ya kuangaliwa. Ile ya kiwandani ni ndogo, ya kufungwa, na ina mirija ya kupeleka gesi nje ya gari. Wamiliki wengi, inapokufa, huweka betri ya kawaida ya maji. Betri ya namna hiyo hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, na asidi yake huozesha sakafu ya buti. Kabla ya kuongeza amplifaya ndani ya nafasi hiyohiyo, mirija ya hewa irudishwe au betri sahihi inunuliwe, hata kama itabidi spika zisubiri mwezi mmoja.

Kazi inapoanza, waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza. Soketi za rangi ya manjano chini ya usukani na dashibodi haziguswi wala kupimwa kwa mita, kwani katika magari yenye mifuko ya hewa ndizo zinazoilipua. Waya wa umeme wa amplifaya hupitishwa upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande mwingine, vinginevyo mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini utasikika kwenye kila wimbo. Waya wa hasi wa amplifaya hufungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi, kisha hupakwa rangi tena juu yake ili kutu isipate mlango.

Majaribio hufanyika barabarani, paa likiwa wazi. Spika za milango huwekewa kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 80 au 100. Besi hiyo ingemezwa na upepo kwa vyovyote, na spika zikiondolewa mzigo huo hucheza kwa sauti kubwa zaidi bila kukwaruza. Sauti isizidi kile ambacho sikio linahimili: taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mwisho wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, kelele za upepo zikihesabiwa pia.

Gari likirudi na kuzimwa, mita huwekwa kwenye waya wa betri. Baada ya dakika kadhaa umeme unaovuja usizidi miliampea 50. Ukizidi, waya mwembamba wa kuwasha amplifaya huenda umeunganishwa mahali penye umeme wa kudumu, na betri ndogo ya Roadster itakuwa imekwisha kabla ya Jumatatu asubuhi.