Neno la Mungu na Maana ya Dhahiri

Katika miji ya Mashariki ya Kati ya kale, usiku wa kuamkia Jumamosi uliwatenganisha Wayahudi waliokuwa majirani. Kitabu cha Kutoka kinakataza kuwasha moto makaoni siku ya Sabato. Wakaraiti, kundi lililojitenga na marabi kuanzia karne ya 8, waliishika amri hiyo kama inavyosomeka: moto wote ulizimwa kabla ya jua kuchwa, na familia ikakaa gizani. Jirani zao waliowafuata marabi waliisoma aya ileile wakaelewa kwamba kilichokatazwa ni kitendo cha kuwasha. Taa iliyowashwa mapema iliruhusiwa. Tena kwao taa ya Sabato ilikuwa wajibu. Nyumba zote mbili ziliamini kwamba amri imetoka kwa Mungu. Hawakuhitilafiana juu ya asili ya neno, bali juu ya namna ya kulisikia.

Mjadala wetu juu ya Biblia mara nyingi huchanganya mambo hayo mawili. Anayekiri kwamba Maandiko yamevuviwa na Mungu hudhaniwa kuwa lazima ayasome yote kwa maana ya dhahiri, na anayesita kuhusu siku sita za uumbaji hudhaniwa ameitupa imani. Ukizisoma dini za Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu bega kwa bega, unakuta picha nyingine kabisa, na mara kadhaa iliyo kinyume.

Watazame Rabi Akiva na Rabi Ishmaeli, walimu wakubwa wa mwanzo wa karne ya 2. Kwa Akiva, Torati ni ya Mungu hadi herufi ya mwisho, kwa hiyo hakuna silabi iliyokaa bure. Kiunganishi kidogo kinaweza kubeba sheria nzima ambayo msomaji wa kawaida asingeiota. Ishmaeli alishikilia kwamba Torati imesema kwa lugha ya wanadamu: neno likirudiwa, limerudiwa tu, kama mtu anavyorudia anapotilia mkazo. Basi aliyeupandisha uvuvio juu kabisa ndiye aliyekwenda mbali na maana ya wazi, na aliyekubali kwamba Mungu ametumia usemi wa watu ndiye aliyebaki karibu nayo. Sijui jambo linalostahili kufikiriwa zaidi katika suala hili lote.

Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walipita njia hiyohiyo. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliamini kwamba Roho ndiye mwandishi wa Maandiko, na kwa sababu hiyohiyo akauliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani palikuwa na jioni na asubuhi kabla jua halijaumbwa. Kwake, ugumu wa namna hiyo uliwekwa makusudi ili msomaji asiishie juu juu. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika ufafanuzi mrefu wa Mwanzo na katika jina lake akautangaza kuwa wa maana halisi. Lakini ndani yake Mungu anaumba vyote kwa mara moja, na siku sita si siku za kupimwa kwa jua. Walimu wa Antiokia, Theodoro wa Mopsuestia akiwa mmoja wao, walipinga mafumbo ya Aleksandria kwa hoja yenye uzito: ukiyayeyusha matukio yawe mafumbo, utabaki na wokovu usiotendeka popote.

Kwa Waislamu swali lina umbo jingine. Qur'ani huaminiwa kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa Kiarabu, Mtume akiyapokea na kuyafikisha. Biblia, kwa Wakristo walio wengi, imepita katika akili za watu: Luka anaeleza kwamba alichunguza habari zake kwa uangalifu, na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hakumbuki kama amembatiza mtu mwingine zaidi ya wale aliowataja. Ungetarajia basi Waislamu wote wawe watu wa dhahiri. Haikuwa hivyo. Madhehebu ya Dhahiriya, ambayo mtetezi wake mkuu alikuwa Ibn Hazm wa Cordoba (994–1064), yalikuwa moja kati ya mengi, na yakafifia. Na kuhusu aya za Mungu kuwa juu ya Arshi, yaani kiti cha enzi, Imamu Malik wa Madina anapokewa kuwa alilikubali tamko, akakataa kueleza namna yake, na akachukizwa na aliyeuliza. Mu'tazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, waliifasiri Arshi kuwa enzi na mamlaka. Njia ya Malik si ya dhahiri tupu wala si ya istiari, nami natamani ingesikika zaidi katika mabishano ya Wakristo.

Upande wa Marekani, usomaji unaojiita wa kale una tabaka jipya. Hesabu ya miaka kama elfu sita tangu uumbaji ni ya zamani kweli. Askofu Ussher aliichapisha mwaka 1650. Kuifanya kipimo cha uaminifu ni jambo la juzi. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909, iliyopendwa mno na wahafidhina, iliacha nafasi ya vipindi virefu mwanzoni mwa Mwanzo. Katika kesi ya kufundisha nadharia ya mageuzi shuleni, huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925, William Jennings Bryan, aliyesimama upande wa Maandiko, alikiri mbele ya wakili Darrow kwamba siku zile huenda hazikuwa za saa 24. Msimamo mkali ulipata nguvu mpya baada ya kitabu cha Whitcomb na Morris juu ya gharika, cha mwaka 1961.

Ukambani nchini Kenya, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walifika mwaka 1895, mwanatheolojia John Mbiti alichunguza waumini walivyoyapokea mafundisho ya siku za mwisho. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 alionyesha kwamba picha za mbinguni zilichukuliwa kama vitu vya kushikika, na ujumbe wenyewe ukapotea. Ni lawama ya haki. Hata hivyo dhahiri ilikuwa pia nguvu ya msomaji. Waafrika walipopata Biblia katika lugha zao, walimwona Ibrahimu na Yakobo wakiwa na wake zaidi ya mmoja, wakamtaka mmisionari ajieleze. Mtafiti David Barrett, mwaka 1968, aliihesabu Biblia ya lugha za wenyeji miongoni mwa sababu za kuzuka kwa makanisa huru. Wakaraiti mbele ya marabi na Ibn Hazm mbele ya mafakihi wa Kimaliki walidai haki hiyohiyo: andiko lenyewe, bila mlinda mlango.

Mimi naamini Biblia imevuviwa, na siamini kwamba uvuvio unaniagiza kuisoma zaburi kama ninavyosoma amri. Wala dhahiri haisemi ni aya ipi itawale nyingine. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, mabwana wa watumwa kusini mwa Marekani waliwasomea watumwa maneno ya Paulo juu ya utii, bila fumbo lolote. Watumwa walikishika kitabu cha Kutoka, nao bila fumbo, wakamsubiri Mungu awatoe.